Kufuli Lipimwe kwenye Mlango Wetu

Safari hii naomba niongee mambo ya maabara. Ninyi wa sheria na uchumi msinikimbie, yanawahusu pia.

Nilikuwa na mjomba aliyeanza dawa za VVU mwaka 2006. Mojawapo ilikuwa efavirenz, miligramu 600 kila usiku. Haukupita muda akaanza kuota ndoto za kutisha, kichwa kinazunguka, akiamka jasho linamtiririka. Watu mtaani wakasema huyu karogwa. Mjomba akaacha dawa kimya kimya, hata mkewe hakumwambia. Aliporudi kliniki virusi vilishakuwa sugu. Tulimzika mwaka 2009.

Nilipokuja huku kusoma ndipo nikajua kwamba ndoto zile zina maelezo. Kuna jeni inaitwa CYP2B6, inayolisaidia ini kuivunjavunja efavirenz. Baadhi ya watu wana aina ya jeni hiyo inayofanya kazi polepole, kwa hiyo dawa inajazana mwilini. Aina hiyo imeenea zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu. Mjomba hakupimwa, siwezi kuapa kwamba alikuwa nayo. Lakini kipimo kile cha miligramu 600 tulikimeza kwa miaka mingi kabla ya swali hilo kuulizwa kwa sauti. Leo wagonjwa wengi kwetu wamehamia dolutegravir, na tunashukuru.

Sasa kwa nini nafukua kaburi? Kwa sababu kuna wazo linalopendwa sana na watafiti, na mimi mwenyewe nalipenda. Dawa nyingi za virusi hukilenga kirusi chenyewe. Taabu yake ni kwamba VVU hujinakili kwa makosa mengi, na kwa mgonjwa asiyetibiwa huzaliwa mabilioni kila siku. Badiliko moja tu linatosha kuishinda efavirenz. Ndiyo maana mwaka 1996 madaktari walianza kutoa dawa tatu kwa pamoja.

Wazo lenyewe ni hili: usihangaike na mwizi anayebadili shati kila saa, funga mlango. Kirusi hakijitoshelezi, lazima kitumie protini za seli zetu, na hizo hazibadiliki ovyo. Mara nyingi VVU huingia kwa kushika protini mbili juu ya seli, CD4 na CCR5. Dawa ya maraviroc, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2007, inaiziba CCR5. Mwaka huohuo, mjini Berlin, Timothy Ray Brown, Mmarekani mwenye saratani ya damu na VVU, alipandikizwa uboho wa mtu ambaye kwa kuzaliwa hakuwa na CCR5 inayofanya kazi. VVU havikurudi tena mpaka alipofariki kwa saratani mwaka 2020.

Safi sana. Lakini jamani, mlango huo ni wa nani?

Upungufu ule wa CCR5 unabebwa na zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi Ulaya ya Kaskazini, na wenye nakala mbili, kama mfadhili wa Brown, ni kama mmoja katika mia. Kwa Waafrika karibu haupo kabisa. Maraviroc nayo haifanyi kazi kama kirusi kimezoea kupita mlango mwingine, CXCR4. Na VVU vya aina D, ambavyo vimeenea Uganda, hupita mlango huo wa pili mara nyingi zaidi kuliko aina nyingine nyingi. Tena mlango haukuwekwa kwa ajili ya mwizi, una kazi yake. Watu wasio na CCR5 wakiambukizwa virusi vya West Nile huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua. Na virusi hivyo viligunduliwa wapi mara ya kwanza? Uganda, mwaka 1937.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukitaka kutibu kupitia mwili wa mgonjwa, lazima uujue mwili huo. Sisi Waafrika ndio wenye vinasaba vya aina nyingi kuliko watu wote duniani, lakini tafiti nyingi za vinasaba zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mradi wa H3Africa, uliotangazwa 2010 na kumalizika 2022, ulianza kuziba pengo hilo, ila fedha zake nyingi zilitoka Marekani na Uingereza. Mfadhili akifunga mkoba, sisi tunafunga maabara?

Najua atatokea mtu aseme, "Wewe unaongelea jeni wakati nyumbani glavu hazitoshi." Sawa, glavu zinatakiwa. Lakini dawa zitatengenezwa tu, tukiwepo au tusiwepo, na zitaletwa kwetu kama ilivyoletwa efavirenz. Kupima baada ya watu kuzimeza ni kuchelewa, na gharama yake sisi wengine tumeilipa makaburini.

Kwa hiyo nasema hivi. Wewe wa baiolojia unayechagua mada ya tasnifu mwaka huu, usichague kirusi peke yake, chagua na seli inayokibeba, na uulize sampuli zako zimetoka kwa nani. Wewe wa sheria, tuandikie masharti ya damu ya watu wetu: inahifadhiwa wapi, nani anaitumia, faida inarudi vipi. Wewe wa uchumi, tuhesabie serikali zetu zitenge kiasi gani ili siku mfadhili akiondoka kazi isisimame. Na chama chetu kiandae jioni moja ya kujadili haya. Pilau tutakula, lakini baada ya mjadala.

Mjomba wangu aliambiwa karogwa kwa sababu hakuwepo mtu wa kumwambia vingine. Mtu huyo anaweza kuwa mmoja wetu.

Naomba kutoa hoja.