Deng Alivyopanda Cheo

Wapenzi wa michezo ya njozi hubishana usiku kucha: je, mzimu unaweza kupanda cheo hadi ukawa mungu? Waje Juba, Sudan Kusini, jibu lipo. Mzimu Deng alijulikana kwanza kwa watu wa kabila la Wadinka. Akavuka mpaka hadi kwa majirani zao Wanuer, akampanda nabii wao Ngundeng Bong, aliyewakusanya watu wamjengee Deng kilima kizima cha udongo na majivu. Ngundeng alifariki 1906. Mwaka 1928 Waingereza, waliotawala Sudan wakati huo, wakakilipua kilima kwa baruti, na mwaka uliofuata wakamuua mwanawe, Guek, wakaondoka na fimbo ya baba yake, mzizi wa mkwaju uliozungushiwa waya wa shaba. Walidhani wamemaliza kazi. Wapi! Mei 2009 fimbo ilirudishwa kutoka Uingereza, ikapokewa hapa Juba na Riek Machar, wakati huo makamu wa rais wa serikali ya kusini mwa Sudan. Basi mizimu hukua, ila haikui yenyewe: hulishwa na watu, na wanasiasa hawakosi kwenye karamu hiyo. Anayeabudu na aabudu kwa amani. Lakini anayetafuta madaraka kwa jina la Deng tumuulize shule na barabara ziko wapi.