Tahariri: Kijana anayeinua baiskeli anahitaji breki kabla ya fimbo

Mjini Lubumbashi, jimbo la Haut-Katanga, baiskeli ni chombo cha kazi. Kinga, kama wakaaji wanavyoiita, inaleta makala kutoka vijijini, inabeba unga kutoka sokoni, na siku mbaya inampeleka mgonjwa kwenye kituo cha afya. Ndiyo sababu mzazi anapomkuta mtoto wake wa miaka 14 akiiendesha kwa gurudumu la nyuma peke yake, la mbele likiwa hewani, hasira inampanda mara moja. Machoni pa mzazi, huo si mchezo. Ni kuharibu mali ya nyumba na kutafuta kifo.

Hasira hiyo inaeleweka. Malori yenye kubeba madini yanapita kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, mabasi madogo yanasimama ghafla kuchukua abiria, na pikipiki zinapenya kila upande. Nchi ina sheria ya barabara tangu tarehe 30 Agosti 1978, lakini hata ambaye hajaisoma anajua kwamba mtoto akianguka chali mbele ya lori, huenda asiinuke tena. Barabara kubwa si mahali pa mchezo huu. Juu ya hilo hakuna mjadala.

Mjadala ni juu ya kinachofuata. Polisi wa rulaje anakamata baiskeli, mzazi anashika fimbo, na kijana anahamia avenue nyingine ambako hakuna anayemjua. Kesho yake anaendelea. Katika kelele zote hizo, ni nadra mtu mzima kumuuliza swali lililo muhimu kuliko yote: breki ya nyuma inafanya kazi?

Wengi wanadhani siri ya kuinua baiskeli ni nguvu za mikono. Sivyo. Anayejua anaanza polepole, amekaa kwenye kiti, viwiko vimekunjwa na kifua kimeinama karibu na usukani. Pedali ikifika juu, anaikanyaga kwa nguvu, na wakati huohuo ananyoosha mikono na kurudisha mabega nyuma. Gurudumu la mbele linapanda kwa sababu uzito wa mwili umehamia nyuma. Likipanda vya kutosha, linafika mahali ambapo baiskeli haitaki kurudi mbele wala kuanguka nyuma. Hapo ndipo kijana anapotaka kubaki.

Lakini mahali hapo ni padogo sana. Akipita kidogo tu, anaanguka kwa mgongo, na kichwa kinaweza kutangulia kugonga chini. Kinachomwokoa ni kidole kimoja kwenye breki ya nyuma. Akiigusa kidogo, gurudumu la mbele linashuka lenyewe. Kwa hiyo mwalimu mzuri wa mchezo huu haanzi kwa kufundisha kwenda mbali. Anaanza kwa kufundisha kushuka: inua, gusa breki, shuka, rudia mara mia, mpaka kidole kifanye kazi bila kungoja mawazo. Anafundisha pia kutoa miguu kwenye pedali na kutua kwa nyayo, baiskeli ikitaka kumpita. Na kabla ya yote, anakaza vizuri nati za gurudumu la mbele, maana gurudumu lililolegea linaweza kuchomoka likiwa hewani.

Sasa zitazamwe kinga nyingi zinazozunguka mjini. Raba za breki zimekwisha, waya umekatika, na mwenye nayo anasimama kwa kukandamiza sandali yake juu ya tairi. Kwa mtu mzima anayekwenda polepole na mzigo wake, hiyo tayari ni hatari. Kwa mtoto ambaye gurudumu lake la mbele liko hewani, hakuna sandali inayoweza kumsaidia. Amejifunza kupanda bila kujifunza kushuka. Fimbo ya mzazi haiponyi hilo, na kukamata baiskeli hakuponyi hilo. Fundi wa kinga, mwenye waya mpya na raba mbili, analiponya kwa muda mfupi.

Wengine watasema kwamba mji una shida kubwa zaidi: barabara mbovu, maji, umeme, usalama wa usiku. Ni kweli. Lakini usalama wa usiku unahusu pia vijana haohao. Mji unaolalamika juu ya kuluna hauwezi kudharau kijana anayetumia jioni zake zote kujifunza jambo gumu, anayeanguka, anayeinuka na kujaribu tena bila kumdhuru mtu. Mjini London, Uingereza, vijana maelfu wameshiriki katika misafara ya baiskeli, wengi wao wakienda kwa gurudumu moja, chini ya wito wa kuweka visu chini na kuinua baiskeli juu. Huko nako watu wazima walilalamika, na malalamiko mengine yalikuwa ya haki. Hata hivyo wito huo ulionyesha kwamba kijana anayetafuta sifa kwa wenzake anaweza kuipata bila silaha.

Mahali pa kuchezea pia si ndoto. Jirani, mjini Kigali, tangu mwaka 2016 kuna Jumapili ambapo barabara fulani zinafungwa kwa magari asubuhi ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Mjini Bogotá, Kolombia, desturi kama hiyo ilianza mwaka 1974 na inaendelea kila Jumapili. Lubumbashi haihitaji kuanza na barabara kubwa. Uwanja wa shule ambao unabaki mtupu Jumapili mchana unatosha, au avenue moja fupi katika kila tarafa, ikifungwa kwa saa tatu kwa makubaliano ya bourgmestre, polisi na wakuu wa kata.

Masharti yawe machache na yasiwe na upendeleo: asiye na breki ya nyuma haingii, nati zinakaguliwa mlangoni, kofia ngumu inavaliwa hata kama ni ya kuazimana, na anayeonekana akifanya mchezo huo kati ya malori anakosa zamu yake. Vijana watayafuata masharti hayo kuliko wanavyofuata fimbo, kwa sababu yanawapa kitu wanachokitaka.

Mzazi naye ana kazi yake, na anaweza kuianza leo jioni bila kungoja barua ya meya. Kabla ya kumgombeza mtoto, aishike kinga, aisukume mbele, kisha abane breki ya nyuma. Gurudumu likiendelea kuzunguka, anajua pa kuanzia.