Mwenye haba aonyeshwe kibaba

Huku Massachusetts tulikopata hifadhi baada ya kukimbia kwetu, miji midogo huungana kuendesha shule kwa pamoja. Chombo chao huitwa wilaya ya shule ya kikanda. Wilaya hiyo haina mamlaka ya kutoza kodi. Lazima ibishe hodi kwa miji wanachama.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Kamati ya shule hupitisha bajeti kwa theluthi mbili ya kura. Ruzuku ya jimbo na mapato mengine hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa. Kanuni zilizotokana na sheria ya mageuzi ya elimu ya mwaka 1993 huweka kiwango cha chini cha kila mji kwa kutazama uwezo wake. Ziada hufuata mkataba wa miji yenyewe, mara nyingi kwa idadi ya wanafunzi.

Baada ya hapo kila mji huletewa mgawo wake, na wananchi huupigia kura. Miji ikiwa miwili, yote sharti ikubali. Ikizidi hapo, theluthi mbili. Bajeti isipopita hadi tarehe 1 Desemba, jimbo huingia kusimamia fedha za wilaya.

Hatusemi huku ni peponi. Tangu sheria iliyopigiwa kura mwaka 1980, mapato ya mji kutokana na kodi ya majengo, ukiacha majengo mapya, hayapandi zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka bila ridhaa ya wapiga kura. Mgawo wa shule ukipanda kuliko hapo, watu hutazamana: apunguzwe mwalimu au barabara ibaki na mashimo? Nasi wapangaji tusio raia, kodi hiyo tunaichangia ndani ya pango, lakini kura hatuna.

Hata hivyo, tulinganishe na nyumbani. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 ulizitaka nchi wanachama zichangie sawa kwa sawa, tajiri na maskini. Mara ngapi tumesikia habari za malimbikizo ya madeni? Na mkulima wa Kigoma au mchuuzi wa Busia, ni lini aliulizwa?

Tunachodai ni kidogo: mgawo ufuate uwezo, deni liwe na tarehe, na mlipaji aulizwe. Haba na haba hujaza kibaba, ndiyo. Lakini mwenye haba aonyeshwe kibaba.