Rubaya: koltani inapita, mgonjwa anabaki njiani

Kwenye karte, Rubaya haiko mbali. Toka Goma mpaka Sake ni kilomita 25 hivi. Pale Sake njia zinagawanyika: moja inafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu, ingine inapanda Kitshanga, ya tatu inapanda Mushaki kuelekea Masisi. Unashika hiyo ya Mushaki, kisha unaacha barabara ya Masisi na kuingia kwenye vilima mpaka Rubaya. Yote pamoja haipite kilomita 70. Nyuma yetu kuna Ngungu, halafu mpaka na Kalehe, Kivu ya Kusini. Tuko kati ya provensi mbili, na Rwanda iko ng'ambo ya Goma tu.

Wakati wa jua motari anakufikisha siku hiyo hiyo. Wakati wa mvua hakuna mtu wa kukuambia saa. Udongo wa Masisi ukilowa unakuwa sabuni, Fuso moja inakwama katikati ya mteremko, na wote walio nyuma wanalala pale.

Sasa ndugu wasomaji, tufanye hesabu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwisho wa 2024 kwamba Rubaya inatoa koltani karibu tani 120 kila mwezi. Uzitie ndani ya mifuko ya kilo 50: ni mifuko 2400. Kwa siku ni 80. Mvua inyeshe, vita ipigwe, hiyo mifuko 80 inashuka. Kwa mgongo, kwa moto, kwa gari, inashuka. Kwa hiyo mtu asituambie tena kwamba vilima vya Masisi havipitike.

Visivyopitika ni vitu vingine. Maziwa yanaharibika. Fromage inauzwa kwa bei ya kutupa. Maharagi na viazi vinaozea kwa mkulima, na wakati huo huo unga na chumvi vinavyotoka Goma vinatufikia na bei juu ya bei. Mchimbaji analipa mara mbili: negosiani anakata usafiri kwenye bei ya kilo ya koltani, kisha muuza duka anamkata tena kwenye chakula. Hiyo ya pili hatuisemi sana kwenye mikutano, lakini ndiyo inamaliza mfuko.

Na kuna wagonjwa. Tarehe 28 Januari 2026 mlima uliporomoka juu ya wachimbaji kisha mvua. Ilitangazwa watu zaidi ya 200 wamekufa. Mwenye kuvunjika mgongo ao kichwa, matibabu yake yako Goma. Mama anayehitaji kupasuliwa ili azae, vilevile. Kutoka vijiji vya juu wanamshusha kwa kipoyi, wanaume wanne wanapokezana mabega, na wakifika kwenye barabara ndipo taabu ya pili inaanza.

Feza ya kutengeneza iko? Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inasema wazi: kodi ya madini, asilimia 50 kwa serkali kuu, 25 kwa provensi, 15 kwa shefri ao komini yenye madini, 10 kwa mfuko wa vizazi vinavyokuja. Koltani imeitwa madini ya kimkakati tangu Novemba 2018, kodi yake ni asilimia 10. FONER nayo inakula kwenye kila litre ya mafuta, kwa jina la barabara. Lakini hata kabla ya tarehe 30 Aprili 2024, siku M23 iliingia Rubaya, wakati karatasi zote zilikuwa na muhuri wa serkali, matope yalikuwa haya haya. Leo anayelipisha ni mwingine, na mchimbaji ni yule yule.

Wenzangu wengine wa sendika wananipinga. Wanasema: barabara nzuri itaharakisha tu kutuibia. Ninawaelewa, ila mwizi hajawahi kungoja lami. Mifuko 80 inatembea tayari. Anayengoja barabara ni yule mama wa kipoyi.

Hatuombe lami. Tunaomba mitaro ya maji, mawe kwenye miteremko mibaya, madaraja yenye kubeba Fuso, na vijana wa kila kijiji wenye pauni na turuvari, wanaolipwa kwa siku. Si salongo ya bure. Ile ya Mobutu wazee wetu waliifanya ya kutosha. Na kwenye kila barieri kati ya Rubaya na Sake, awe nani anayeishika, karatasi ibandikwe kila mwezi: feza iliyoingia ni kiasi gani, na iliyokwenda kwenye barabara ni kiasi gani. Tuanzie mteremko wa kushuka Sake, mbele ya mvua za Septemba.