Sahani ya mchuma chai si yako

Ukisimama sokoni Kangari alfajiri, utawaona kina mama wakielekea mashambani na vikapu vya kuchumia chai. Watashinda wima kwenye miteremko ile, mikono haitulii, kisha wabebe majani mgongoni hadi kituo cha kununulia. Jioni wakiketi mbele ya sahani iliyojaa mukimo au githeri, na chai ya maziwa juu yake, mimi kama daktari sina neno. Mwili ulikwisha kuulipia mlo huo kabla haujapikwa.

Ninayemhofia ni wewe msomaji, uliyelelewa katika nyumba kama hizo ukahamia Nyeri, Thika au Nairobi. Kazi yako ni ya kuketi. Bodaboda hukufikisha hadi mlangoni. Lakini sahani ni ileile ya mchuma chai, na pengine imeongezwa soseji. Katika utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014, mwanamke mmoja katika kila watatu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzito uliozidi, na kaunti za Mlima Kenya zilikuwa miongoni mwa zilizoongoza.

Mgonjwa wangu mmoja, karani aliyeolewa Kangari, ameniruhusu nisimulie kisa chake. Alinijia magoti yakimuuma na sukari ikianza kupanda. Kwa miezi mitatu alikuwa ameamka kila siku kutembea kwa kasi saa nzima, na mizani haikusonga. "Daktari, labda ni damu ya ukoo wetu," akasema. Nikamwuliza hula nini akirudi. Vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na chapati mbili, kwa sababu amefanya mazoezi.

Hebu tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 akitembea kwa kasi saa moja huchoma kalori kama 250 au 300. Chapati moja iliyopakwa mafuta vizuri huwa na kalori kama hizo. Vijiko sita vya sukari ni karibu kalori 100. Yaani chapati ya kwanza imemeza matembezi yote. Ya pili na ile sukari zimekwenda kiunoni. Na kilo moja ya mafuta mwilini ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Kuimaliza kwa miguu pekee ni safari ndefu mno.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaomwambia mgonjwa "fanya mazoezi" kisha wamwite anayefuata. Kupunguza uzito huanzia jikoni. Nusu ya sahani iwe sukuma wiki, kabeji au managu. Maharagwe au nyama robo, ugali au viazi robo. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka mtungini, maana kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120. Soda ya nusu lita ina kalori zipatazo 200 na haishibishi hata mtoto.

Usinielewe vibaya ukatupa viatu vya mazoezi. Kutembea hushusha presha na sukari, hulinda misuli, na huzuia uzito uliopungua usirudi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2020 dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Ukishuka matatu mapema kidogo kwenda na kurudi kazini, utazipata bila kulipia ukumbi wa mazoezi.

Wala usijinyime chakula kabisa. Anayeshinda njaa hupoteza misuli pamoja na mafuta, na usiku hula kwa pupa. Kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, kuruka mlo kunaweza kushusha sukari ghafla hadi azirai. Huyo azungumze na daktari wake kwanza.

Karani wangu alibaki na chapati moja Jumapili, akaacha sukari, akaendelea kutembea. Baada ya miezi miwili alikuwa amepungua kilo nne. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Miaka ya 1990, nilipokuwa mtoto, aliyekonda alinong'onezwa kuwa ana ukimwi, na woga huo haujaisha vijijini. Mama mkwe alilia, akaanza kumpakulia mara mbili, naye kwa heshima akawa anamaliza. Kilo mbili zikarudi. Safari hii hakuniomba dawa. Aliniomba niende naye Kangari nikazungumze na mzee huyo.

Nilienda. Nilieleza habari za magoti na sukari, akanisikiliza kwa makini, akaniletea chai. Nilipoomba isiyo na sukari, alimtazama mkwewe, akanitazama mimi, akauliza kwa upole, "Na wewe pia, daktari?"