Motokari ya watoto: hesabu ya buloni ndefu



Wiki hii swali limetoka kwa wamama wa likelemba moja hapa Lubumbashi. Kwa pesa ya likelemba walinunua Toyota Noah. Asubuhi inapeleka watoto ku masomo, kisha inafanya taksi, na jioni shofere analeta versema. Shofere ni kijana mwenye bidii. Lakini sasa ametia janti pana na pete za kusukuma magurudumu inje, ili motokari ionekane na nguvu. Fundi anasema buloni za zamani zimekuwa fupi, kwa hiyo wamama watoe pesa ya buloni ndefu. Wamama wanauliza: tutoe ao tukatae? Na kama tunatoa, tununue buloni gani?

Pengine mtu atasema mambo ya buloni ni ya wanaume na garaji. Hapana. Motokari ni ya wamama, na watoto walio ndani ni wa wamama. Tena ndani yake kuna hesabu ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Tuifanye pamoja.

Gurudumu linashikwa na nini?

Ukitoa gurudumu, utaona vyuma vilivyosimama vyenye meno. Hizo ndizo buloni. Noah iko nazo 5 kila gurudumu, motokari nyingine ndogo ziko nazo 4. Janti inaingia juu ya buloni, kisha ekru inazungushwa kwenye meno mpaka ikaze.

Watu wengi wanafikiri janti inaning'inia juu ya buloni kama nguo kwenye msumari. Sivyo. Ekru ikikazwa, buloni inavutwa kidogo, na inagandamiza janti kwa nguvu kubwa sana. Msuguano wa kule kugandamiza ndio unaoshika gurudumu. Ni kama mtoto mgongoni: kitenge kinamshika kwa sababu kimembana, na fundo linashika kitenge kisilegee. Fundo likilegea, mtoto anaanza kucheza-cheza mgongoni. Ekru ikilegea, janti inaanza kucheza-cheza juu ya buloni. Kila mzunguko buloni inapindwa kidogo huku na huku, mara mia nyingi kila kilomita, kama waya unaoukunja na kuukunjua. Mwisho wake inakatika, na baada ya moja, zile za karibu zinabeba mzigo wake na kukatika pia.

Sasa tuseme umefunga kitenge, lakini ncha zilizobaki ni fupi sana. Fundo utalifunga, ndiyo, lakini haliwezi kushika. Pete inafanya hivyo hivyo kwa buloni: inakula urefu wake.

Hesabu yenyewe

Buloni ya Toyota nyingi ndogo iko na unene wa milimita 12, na kutoka jino moja mpaka lingine ni milimita 1,5. Kanuni nzuri ya kukumbuka ni hii: ekru iingie kwenye meno kwa urefu usiopungua unene wa buloni. Kwa hiyo milimita 12 za meno. Gawanya 12 kwa 1,5 utapata 8. Ekru izunguke mizunguko mizima 8 ao zaidi, toka pale meno yanaposhikana mpaka pale inapogusa janti.

Tuchukue mfano. Tuseme buloni inatoka inje milimita 30, na janti inakula milimita 12. Zinabaki milimita 18 za ekru, ni mizunguko 12. Vizuri kabisa. Tia pete ya milimita 5: zinabaki 13, mizunguko 8 na kidogo. Tuko pembeni ya shimo, maana ncha ya buloni mara nyingi haina meno kamili. Tia pete ya milimita 10: zinabaki 8, ni mizunguko 5 na kidogo. Hapo ekru inaweza kukazwa, fundi anaweza kusema "mama, imeshika", na kweli imeshika leo. Lakini imeshikwa na meno machache, na siku ya mzigo mkubwa meno hayo yanaweza kung'oka.

Kupima si kazi ngumu. Motokari ikiwa imesimama sawasawa, gurudumu likiwa juu ya jeki na motokari imetegwa isishuke, mwambie fundi alegeze ekru moja, kisha aifungue kwa mkono pole pole. Wewe hesabu mizunguko: moja, mbili, tatu... Kama ekru inatoka kabla ya 8, motokari hiyo isibebe watoto kesho.

Mambo manne ya kuuliza kabla ya kununua

Kama pete itabaki, basi buloni ndefu ni lazima. Lakini buloni ndefu si zote sawa. Usimpe mtu pesa aende soko peke yake na macho tu. Buloni ya zamani itolewe, ipelekwe, zilinganishwe.

Kwanza, meno. Toyota, Honda, Mazda na Mitsubishi nyingi ndogo zinatumia 12 kwa 1,5. Nissan, Subaru na Suzuki nyingi zinatumia 12 kwa 1,25. Kwa macho zinafanana kabisa. Ekru ya meno mengine itaingia mzunguko moja ao mbili, kisha itakuwa ngumu, na mwenye haraka atafikiri imekaza, kumbe inaharibu meno. Ekru sahihi inaingia kwa vidole mpaka mwisho, bila kle.

Pili, shingo. Chini ya kichwa cha buloni kuna sehemu nene yenye mistari-mistari. Ndiyo inayouma ndani ya chuma cha katikati ya gurudumu ili buloni isizunguke. Toyota nyingi zinataka milimita 14,3, lakini pimeni ile ya motokari yenu. Ikiwa nyembamba, buloni itazunguka ovyo siku ya kufungua, na mtabaki njiani na pine iliyopasuka isiyotoka. Ikiwa nene na wakaipiga kwa nguvu, inaweza kupasua chuma chenyewe.

Tatu, urefu. Chukueni urefu wa buloni ya zamani, ongezeni unene wa pete. Ndiyo hesabu yote. Pete ya 15 inataka buloni iliyozidi kwa 15. Lakini ndefu kupita kiasi nayo ni hatari kama ekru zenu ziko na kofia iliyofungwa: buloni inagonga ndani ya kofia kabla ekru haijabana janti. Kle inakataa kuzunguka, kila mtu anafikiri imekaza, na gurudumu liko huru.

Nne, chuma. Buloni ya kazi hii iwe ya daraja la 10.9 ao zaidi, na mara nyingi namba hiyo imeandikwa kwenye kichwa. Maana yake si siri: 10 ni niutoni 1000 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika, na 9 ni kwamba inaanza kunyooka bila kurudi ikifika asilimia 90 ya nguvu hiyo. Buloni ya kawaida ya kufungia milango na mabati haina nguvu hiyo. Na tafadhali, msikubali buloni fupi iliyoongezwa kipande kwa kusudeya. Moto wa kusudeya unaharibu ugumu wa chuma. Buloni iliyotumika katika motokari nyingine pia hapana, maana hamjui ilikazwa namna gani huko ilikotoka.

Na pete yenyewe

Pete iwe kipande kimoja cha chuma ao alumini nzito, iliyokatwa vizuri, na tundu lake la katikati liingie sawasawa kwenye chuma cha katikati cha gurudumu. Ikicheza pale katikati, usukani utatetemeka. Pete mbili juu ya mbili, hapana. Rondela zilizopangwa kwenye kila buloni, hapana kabisa: janti inakosa mahali pa kulalia.

Kuna pete nene ambazo ziko na buloni zake zenyewe. Zile hazitaki buloni ndefu, lakini angalieni kwamba buloni za zamani hazitokezi juu ya uso wa pete. Zikitokeza, janti inakaa juu ya ncha zao, haikai juu ya pete.

Ekru nazo zifuate janti. Janti nyingi za alumini za Toyota zilizotoka kiwandani zinataka ekru yenye rondela bapa. Janti nyingi za kununua pembeni zinataka ekru yenye kichwa cha mviringo unaochongoka. Mkichanganya, ekru inagusa pembeni tu na italegea yenyewe.

Kazi ya garaji

Buloni zote za gurudumu zibadilishwe pamoja, si moja mbili. Ziingizwe kwa presi, si kwa nyundo, mpaka kichwa kilale chini kabisa. Kichwa kisipolala, kitalala chenyewe njiani, na ekru italegea. Kutu isuguliwe pale pete na janti zinapokutana. Meno yasipakwe mafuta. Kukaza kufuate nyota, ekru moja kisha ile ya upande mwingine.

Kwa Noah, Corolla na RAV4 nyingi kipimo cha kukaza ni niutoni-mita 103. Ni kama kutundika kilo 10 na nusu kwenye ncha ya kle ya mita 1. Sasa fikirini fundi wa kilo 70 anayesimama kwa mguu juu ya kle ya sentimita 40. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kipimo! Anafikiri anasaidia, kumbe anavuta buloni mpaka inachoka. Garaji yenye kle dinamometriki inastahili pesa yenu kuliko garaji yenye fundi mwenye nguvu.

Baada ya kilomita 50 mpaka 100, zikazwe tena kwa kipimo hicho hicho. Hapa kwetu maana yake ni hii: baada ya kazi, motokari izunguke mjini kwanza siku moja ao mbili, irudi garaji, ndipo ifikirie kwenda Likasi ao Kasumbalesa.

Jibu langu kwa wamama wa likelemba

Kwa motokari inayopeleka watoto ku masomo, mimi ningetoa pete na kurudisha janti za kwanza. Kusukuma gurudumu inje hakuongezi hata mtoto mmoja ndani ya motokari, wala franka moja kwenye versema. Kunaongeza mzigo kwa rulema za gurudumu, na motokari ikijaa watu, pine inaweza kusugua bodi. Tena, buloni nzuri, pete nzuri na kazi ya presi vinagharimu pesa, na kurudisha janti za zamani ni kazi ya saa moja.

Kama janti za zamani zimeuzwa, basi mnayo njia mbili tu: kutafuta janti zinazokaa bila pete, ao kununua buloni ndefu kwa mambo manne niliyoandika. Njia ya tatu, kubakia na buloni fupi mpaka mwezi ujao wakati zamu ya likelemba itakapofika, hiyo haipo. Ndani ya siku hizo motokari ikae.

Na msimfukuze kijana kwa ajili ya hili. Mwiteni, mhesabu naye mizunguko, aone mwenyewe. Kisha andikeni katika mapatano yenu mstari mmoja: shofere habadilishi kitu kwenye magurudumu, usukani ao breki bila kikundi kukubali. Shofere mzuri ataufurahia mstari huo, maana yeye ndiye anayekaa mbele.

Kazi ya nyumbani

Wewe ambaye huna motokari, mtoto wako anapanda ya mtu. Kabla ya saa moja ya asubuhi, motokari ikisimama mlangoni, zunguka na mtoto na kumwomba ahesabu ekru kwa sauti, gurudumu kwa gurudumu. Zikipungua, mtoto hapandi. Angalieni pia mstari mwekundu wa kutu unaotoka kwenye ekru: ni alama kwamba kuna kitu kinacheza. Muulize mtoto jioni kama anasikia to-to-to wakati motokari inapokata kona, ao kama usukani wa papa shofere unatetemeka.

Na ukimuuliza shofere, muulize kwa heshima: "Papa, pete iko? Na ekru zinazunguka mara ngapi?" Akijibu "nane na zaidi", mshukuru. Akicheka, mwambie mwalimu amesema mtahesabu pamoja.

Mbaki salama, mpaka wiki ijayo.