Kabla ya kukata picha, angalia unamkata nani

Hebu fungua picha ya mwisho uliyoposti. Macho yako yametua wapi kwanza? Si bahati nasibu hiyo. Jicho hukimbilia sura ya mtu, kisha penye mwangaza, kisha rangi kali. Barabara, reli au msururu wa matatu hulivuta hadi mstari unapoishia. Na mtu aliye pichani akitazama kushoto, nawe utatazama kushoto ujue anaona nini.

Huo ndio mpangilio wa picha. Washa ile gridi ya kamera ya simu yako: mistari 4, vyumba 9. Mweke mtu pale mistari inapokutana, usimbandike katikati kama picha ya kitambulisho, halafu umwachie nafasi upande anaotazama. Utaona tofauti papo hapo.

Hadi hapo poa. Lakini kuna jambo tunalolisahau: ukilipeleka jicho la mtu mahali fulani, umeliondoa mahali pengine.

Kumbuka kisa cha Vanessa Nakate, mwanaharakati wa tabianchi kutoka Uganda. Januari 2020 alikuwa Davos, Uswisi, akapigwa picha na wanaharakati wenzake 4, Greta Thunberg akiwemo. Nakate alisimama pembeni kabisa, upande wenye jengo. Nyuma ya wengine kulikuwa na milima yenye theluji. Shirika la habari la Associated Press likasambaza picha yenye watu 4, wote Wazungu. Mwafrika pekee akawa hayumo. Maelezo yaliyotolewa? Kwamba mpiga picha aliikata kwa sababu za mpangilio tu, kwani aliona jengo linavuruga mandhari. Baadaye shirika likaomba radhi.

Noma ni kwamba maelezo hayo yanaingia akilini. Jengo kweli huvuta jicho, na milima kweli inapendeza. Kanuni zilifuatwa, picha ikatoka safi, na bara zima likakosa mwakilishi.

Kuna watakaoniambia kila picha hukata kitu, fremu haiwezi kubeba dunia nzima. Sikatai. Pipa la taka likikuharibia picha, likate. Ila kama unachokitoa ni mtu, au kinageuza habari yenyewe, acha kwanza. Sogea hatua mbili, inama, piga tena. Miguu yako pia ni sehemu ya kamera.

Na hili halihusu mashirika makubwa pekee. Siku hizi sisi ndio tunaopiga picha za maandamano, mafuriko na mikutano ya siasa. Ukibana fremu mbele ya jukwaa, watu 50 wataonekana umati. Ukipiga kutoka juu na kuacha uwanja mtupu uonekane, watu wale wale wataonekana wachache. Picha zote mbili ni halisi, lakini kila moja inampeleka mtazamaji kwenye hitimisho lake.

Kwa hivyo kabla hujaposti, jiulize: nimemwacha nani nje, na kwa nini? Na kabla hujasambaza picha ya mwenzio, kagua kingo zake. Bega lisilo na mwenyewe au mkono uliokatwa nusu ni dalili kwamba palikuwa na mtu hapo. Tafuta picha kamili kwanza, ndipo ubonyeze kitufe.